Homa Iliyo Juu ya Jiwe

Mpwa wangu wa darasa la tano aliingia uani Jumamosi moja ya Agosti akiwa na ndoo ya rangi ya lita nne, mfuniko wake umetobolewatobolewa kwa msumari. Aliitua chini polepole, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Mjusi wangu. Anaumwa."

Ndani ya ndoo palikuwa na kipande cha fulana kuukuu, kifuniko cha soda chenye maji, punje za wali zilizokauka zikawa kama changarawe, na mjusi kafiri mmoja, wa wale wa ukutani, amejikunyata pembeni. Alikuwa amemkamata kwenye baraza langu mwenyewe wiki tatu nyuma, bila kuniambia.

"Umejuaje kama anaumwa?"

"Hachezi. Katulia tu tangu asubuhi."

Ilikuwa saa tano mchana. Mjusi kafiri saa tano mchana hutulia. Kwake huo ni usiku wa manane. Nikamuuliza swali ambalo, kusema kweli, hata mimi siku ile nisingelijibu vizuri: "Na akiwa mzima, huwa anafanyaje?"

Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Anakimbia," akasema.

Wote wawili tukaona kuwa jibu hilo halitoshi. Yeye alikuwa na mgonjwa asiyemjua akiwa mzima, na mimi nimekaa na mijusi hapa Bugarika, Mwanza, miaka yote hii, nyumba yangu imeegemea jiwe kubwa kuliko yenyewe, na nisingeweza kueleza hata saa anayotoka kwenda kutafuta chakula.

Mwanza imejengwa juu ya mawe, na mawe hayo yana wenyewe. Wa mchana ni yule dume mwenye kichwa na mabega mekundu yanayoelekea zambarau na mwili wa buluu, ambaye watalii humpiga picha wakisema kavaa nguo za Spider-Man. Kisayansi anaitwa Agama mwanzae. Jina hilo la mji wetu alimpa Arthur Loveridge mwaka 1923, mzaliwa wa Wales aliyefika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi ya makumbusho, akapitia vita vikuu vya kwanza huku kwetu, akahudumu kwenye idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard. Wa usiku ni huyu wa ndoo, mdogo, rangi ya chokaa chafu, anayetembea darini kichwa chini miguu juu. Watu wengi huku bara huwaita wote wawili mjusi kafiri. Pwani jina hilo ni la huyu wa ukutani hasa, na hubebeshwa simulizi ya kuwa ndiye aliyepuliza moto aliotupwa ndani yake Nabii Ibrahimu. Ukafiri wake mimi siuingilii. Katika makala hii mjusi kafiri ni wa ukutani, na yule mwenye kichwa chekundu nitamwita mjusi wa mawe.

Anayetaka kujua mjusi mzima anavyokuwa aanze na huyu wa mawe, kwa sababu hana siri. Panda boti Capri Point uende Saanane, kisiwa kilichochukua jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake, kikafanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na hatimaye hifadhi ya taifa mwaka 2013. Au usiende popote, kaa tu juu ya mlima wowote wa mji huu saa mbili asubuhi. Dume hutoka kwenye ufa akiwa wa kahawia, kama kipande cha jiwe lenyewe. Hulala kifudifudi juani, tumbo limegusa mwamba. Jua likikolea, naye rangi humpanda, kwanza kichwani, kisha mabegani. Baada ya hapo huinuka kwa miguu ya mbele na kuanza kutikisa kichwa juu chini, kama askari anayepiga pushapu, kuwaambia wenzake kuwa jiwe hili lina mwenyewe. Saa sita jua likiwa kali hurudi kivulini. Jioni huonekana tena kidogo, halafu huingia ufani.

Yaani maisha yake yote ni kupanda na kushuka joto. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kama wetu. Huliazima kwenye jua na kwenye jiwe. Na hapa ndipo penye jambo lililonishangaza kuliko yote niliyosoma tangu siku ya ndoo. Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wakiongozwa na Matthew Kluger, waliwadunga mijusi wa jangwani bakteria wa ugonjwa, kisha wakawaacha wachague mahali pa kukaa, penye joto au penye ubaridi. Wagonjwa walikwenda penye joto zaidi kuliko walivyozoea wakiwa wazima. Walijitafutia homa. Wengine waliwekwa kwenye joto moja wasiloweza kulibadili, na waliofungiwa kwenye joto la chini walikufa wengi kuliko waliopata joto la juu.

Mimi na wewe tukiugua malaria, homa inatufuata kitandani. Mjusi akiugua, yeye ndiye anayeifuata homa. Iko nje ya mwili wake, juu ya jiwe. Ndiyo maana mjusi wa mawe aliyelala juani saa saba mchana, wakati wenzake wote wameingia kivulini, asiyetikisa kichwa wala kukimbia mtoto akimkaribia, rangi imempauka wakati jua linawaka, ana la kusema. Ndiyo maana pia mjusi kafiri wa usiku ukimkuta ukutani juani mchana kweupe, amejilaza wazi, usiseme ameanza kuzoea watu. Angalia tu usimchanganye na wale wadogo kabisa wa mchana, wa jenasi ya Lygodactylus, wanaokimbizana kwenye vigogo vya miti na nguzo za uzio. Wao saa zao ndizo hizo.

Sasa rudi kwenye ndoo ya plastiki iliyowekwa chini ya kitanda. Ndoo ina joto moja. Mgonjwa aliyemo ndani hata kama anajua dawa yake, hana pa kuifuata.

Nilimwambia mpwa wangu tusubiri jioni. Alikaa kwenye ngazi akaisubiri kweli, akila mihogo ya kukaanga na kufunguafungua mfuniko. Huku kwetu, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, jua halichelewi. Saa moja giza limeingia. Tukawasha taa ya baraza, na kabla hatujamgusa mgonjwa, nikamwambia tuwatazame kwanza walio wazima.

Wa kwanza kutoka ni yule anayeishi nyuma ya mita ya umeme ya LUKU, mkubwa kuliko wote, ambaye tangu usiku ule tunamwita Bwana LUKU. Alitoa kichwa, akangoja. Mchana huwa wa kijivu kilichokolea. Usiku huo alikuwa amepauka karibu afanane na ukuta, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana mjusi kafiri mzima hupauka usiku. Mkia wake ulikuwa mnene shinani. Alitoa ulimi akalamba jicho, kwa kuwa hana kope za kufumba. Alitembea mwili umeinuka kidogo kutoka ukutani, akasimama, akamtimua mdogo mmoja aliyesogelea taa kwa sauti ile ya "chk-chk-chk" ambayo bibi zetu walituambia ni ushahidi kuwa lililosemwa ni la kweli. Ziwa lilikuwa limeachia vile vijidudu vyake vinavyopanda kama moshi siku za mwezi mwandamo, na Bwana LUKU alivila kwa utaratibu wa mtu anayechambua dagaa: hatua mbili, kituo, kuruka.

Mpwa wangu akasema taratibu, "Wangu hafanyi hivyo."

Tulimtoa wa ndoo kwenye sahani nyeupe. Tochi ya simu na kioo cha kukuzia nilichoazima kwa fundi saa vilitosha. Niliyoyaona nayaeleza kwa urefu, kwa sababu ndiyo yanayompata karibu kila mjusi anayefugwa, awe wa ndoo ya Bugarika au wa sanduku la kioo Ulaya.

La kwanza ni vidole. Mjusi kafiri hashiki ukuta kwa gundi. Chini ya vidole vyake kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kwa jamaa yake mkubwa wa Asia, tokei, vimehesabiwa kukaribia nusu milioni katika mguu mmoja, na kila kinyweleo kimechanika nchani mara mamia. Vinaushika ukuta kwa mvuto mdogo uliopo kati ya chembe na chembe. Hakuna nguvu anayotumia. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walionyesha kuwa hata aliyekufa hushika vilevile. Nilipolisoma hilo nilikumbuka mmoja aliyewahi kukaa juu ya dirisha la jikoni siku mbili kichwa chini, tukimsifu kwa uvumilivu, hadi sisimizi walipotuumbua. Kwa hiyo kuganda ukutani hakuthibitishi uzima. Kuteleza ndiko kunakosema kitu, na huyu wetu aliteleza kwenye sahani hata ilipoinamishwa kidogo. Katika vidole vitano vya mguu wa mbele wa kulia, vitatu vilikuwa vimevalia pete za ngozi ya zamani, nyembamba kama karatasi ya vitunguu. Kimoja kilikuwa kimeshakuwa cheusi.

Hajajivua gamba vizuri. Maneno hayo Mtanzania hawezi kuyasikia bila kukumbuka mwaka 2011, chama tawala cha CCM kilipotangaza kujivua gamba na nchi nzima ikawa inachungulia gamba gani limeanguka wapi. Mjusi kafiri angewapa somo. Yeye akijivua, hulivuta gamba kwa mdomo, akalila lote, asimwachie mtu ushahidi. Siku moja mbili kabla ya kujivua hupauka kama aliyepakwa unga na hula kidogo, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni gamba linalobaki. Likikaukia kidoleni hukaza kila siku, damu isipite, kidole kife. Sababu yake kubwa ni ukavu. Kwenye ufa wa jiwe au nyuma ya kabati kuna unyevu kidogo hata Agosti. Kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa hakuna.

La pili ni mkia. Kwa mjusi, mkia ni kihenge. Mafuta ya akiba yako humo. Wa huyu ulikuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na mifupa ya nyonga ilianza kujichora. Mkia uliokatika wenyewe usikutishe, kwani huo ni ujanja wa kumtoroka paka, na mwingine huota, ingawa wa pili hauna mfupa ndani, una gegedu tu. Mkia unaonyauka bila kukatika ndio wa kuogopa.

La tatu, macho. Yalikuwa yamezama, na ngozi ya ubavuni ukiibana kidogo ilibaki na kikunjo. Hapo hapahitaji daktari kujua kuwa maji yamepungua, hata kama kifuniko cha soda kimejaa. Mijusi wengi hawatambui maji yaliyotulia kwenye chombo. Hulamba matone ukutani.

"Choo chake kikoje?" nikauliza.

"Sikumbuki. Nilikuwa nafuta."

Kila mama wa Mwanza anayefua mapazia anakijua choo cha mjusi: kipande cheusi chenye kichwa cheupe. Kile cheupe ndicho mkojo wake, ameukausha ili asipoteze maji. Kikiwa laini na cheupe, mambo ni mazuri. Kikiwa cha njano na kigumu kama jiwe la chumvi, mwili umekauka. Kikiwa cha majimaji siku kadhaa, chenye harufu, au kisipokuwepo kabisa kwa muda mrefu, kuna jambo tumboni. Yule mtoto alikuwa akifuta kila asubuhi, kwa usafi na kwa mapenzi, taarifa pekee ambayo mgonjwa wake alikuwa akimpa.

Kuhusu wali sikutaka kumuumbua. "Bibi alisema wanakula kila kitu, mbona hulamba sukari?" Sukari hulamba kweli. Lakini chakula chake ni kile kinachotembea, na punje ya wali haitembei.

Jumatatu tulimpeleka kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa, mtu ambaye siku nzima anahesabu chanjo za kuku na dawa za minyoo ya mbuzi. Alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona uso wa mtoto. Hakuwa na mizani ya kumpimia. Tukavuka barabara hadi kwa jirani yake anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na mjusi kafiri akapimwa kwenye mizani ya dhahabu: gramu 2.9. Mkubwa aliyeshiba hukaribia gramu nne au tano. Mnunuzi akauliza ni karati ngapi.

"Sindano yangu ndogo kabisa ni ya kuku," daktari akasema, "na kuku mbele ya huyu ni tembo. Nikikosea tone moja, nimemmaliza." Akasimulia jinsi watu wanavyochukua dawa ya minyoo ya ng'ombe, ivamektini, wakampa mnyama yeyote mwenye magamba wanayemfuga, ilhali kwa kobe dawa hiyo ni kifo. Aliuliza maswali matatu tu: anakula nini, anakaa wapi, choo kikoje. Hakuandika dawa. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo hapa Mwanza, na madaktari wengi wa nchi hii wamesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, lakini mafunzo na vifaa vyao vimeelekezwa, kwa haki kabisa, kwa ng'ombe, kuku na mbwa. Mwenye mjusi mgonjwa Kanda ya Ziwa atategemea zaidi macho yake.

Tiba ilikuwa ya kizamani. Kitambaa kibichi kilichokamuliwa, mgonjwa ndani yake kwenye boksi lenye matundu kwa nusu saa, kisha kijiti chenye pamba kikavingirisha zile pete za ngozi kuelekea nchani. Ikikataa, kitambaa tena. Kuvuta ni mwiko, kwani ngozi mpya iko chini yake na vile vinyweleo pia. Matone ya maji puani ayalambe mwenyewe. Jioni, vijidudu vilivyokusanywa chini ya taa, wadogo, wenye uhai. Ndoo tuliilaza ubavu, nusu juu ya tofali lililopata jua la asubuhi, nusu kivulini, ili angalau awe na pa kuchagua. Siku ya tatu alikula. Siku ya sita yule mtoto alikuja mbio akiwa na kifuniko cha ndoo na choo ndani yake, cheusi, kichwa cheupe, amekishika kama cheti.

Wakati huohuo dada yangu mdogo aliyeko Leicester, Uingereza, aliposikia nimekuwa tabibu wa mijusi, akanitumia video kwa WhatsApp. Wanawe wanafuga mjusi chui, yule wa manjano mwenye madoa, ambaye asili yake ni Pakistani, Afghanistani na kaskazini magharibi mwa India. "Kaka, huyu hajala wiki ya tatu. Wanangu wanalia." Nilimuuliza yale maswali ya daktari, nikaongeza la uzito. Uzito haukuwa umeshuka, mkia bado mnene kama kidole gumba, choo kizuri. Mjusi chui, hata anayekaa nyumbani mwa watu, anaweza kupunguza kula msimu ukibadilika, na dume akiwaza majike husahau sahani. Tulikubaliana ampime kila wiki na asimlazimishe.

Lakini katika mazungumzo likatoka jingine. Ile taa ya kumpa joto ilikuwa imeungua tangu Julai, na kwa kuwa kulikuwa na jua nje, hawakuona haja ya nyingine. Mjusi chui anahitaji sehemu moja yenye nyuzi 30 hadi 32 na nyingine ya baridi zaidi, azunguke kati yake. Bila joto, hata akila, chakula hulala tumboni bila kusagika. Jiwe la Bugarika hufanya kazi hiyo bure. Leicester lazima ulinunue na ulichomeke kwenye umeme.

Nilimpa na orodha ya yale ambayo asingoje hata siku mbili. Taya linalobonyea kama mpira, miguu inayopinda au kutetemeka: mifupa imekosa chokaa, na mara nyingi vitamini D3 au mwanga wa urujuanimno unaoitengeneza. Kupumua mdomo wazi, mapovu puani. Jike aliyevimba, anayechimbachimba na kukamua bila yai kutoka. Tumbo gumu la aliyefugwa juu ya mchanga na kuumeza pamoja na chakula. La kuumiza kuliko yote ni mkia unaokonda huku mnyama anakula vizuri, maana nyuma yake huweza kuwapo kijidudu cha kriptosporidiamu, kisicho na tiba ya kutegemewa, na atakayebainika nacho hutengwa na wenzake. Kwake kuna madaktari wa wanyama kama hao. Aende.

Nilipoongea na dada nilikuwa na picha nyingine kichwani. Chini ya milima ya Uluguru kuna msitu wa Kimboza, kilomita za mraba nne hivi, na ndani yake mjusi kafiri mdogo wa mchana ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa, Lygodactylus williamsi, anayeishi kwenye mikadi. Naye alipewa jina na Loveridge yuleyule wa mjusi wetu wa mawe, mwaka 1952. Uzuri ulimponza. Utafiti mmoja ulikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilichukua si chini ya mijusi 32,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kwa soko la wafugaji wa nje. Ili kuwafikia, mikadi ilikatwa. Mei 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ukamweka mjusi huyo kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi. Huwa nawaza masanduku ya kioo yote yale, na kila mwenye sanduku anajifunza kwa makosa, kwa mnyama mmoja baada ya mwingine, kile ambacho jani moja la mkadi lilikuwa likikifanya: maji kwenye kikonyo, kivuli upande mmoja, jua upande wa pili.

Na hapa kwetu pia sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka anayemiliki mnyamapori awe na kibali. Sidhani walioitunga walikuwa na ndoo ya rangi akilini, ila nilimweleza mpwa wangu hivyo hivyo, na akaniangalia kama mtu aliyesalitiwa.

Mambo mawili ya nyumbani, kwa haraka. Mate ya mjusi kafiri hayana sumu, wala mkojo wake. Hakuna mjusi wa jamii hii mwenye sumu popote duniani. Alichonacho ni salmonela tumboni. Nawa kwa sabuni ukimshika, usioshee vyombo vyake kwenye sinki la jikoni, na watoto wa chini ya miaka mitano wamtazame tu. La pili ni dawa ya kupuliza. Ukipulizia chumba dhidi ya mbu na mende, kesho yake ukamkuta mjusi sakafuni anatetemeka, amelala chali hawezi kujigeuza, si kifafa wala si kurogwa. Amekula mende wako.

Kulitokea na kengele moja ya uongo. Mpwa wangu alikuja usiku akihema: mmoja wa barazani ana majipu mawili meupe shingoni. Tukamulika. Kweli, kila upande wa shingo palikuwa na uvimbe mweupe kama chaki uliokuwa ukionekana kupitia ngozi. Ni chaki kweli. Mijusi kafiri huweka akiba ya chokaa kwenye vifuko vya shingoni, na jike huitumia kutengeneza maganda ya mayai yake. Wiki mbili baadaye tuliyakuta nyuma ya kabati la viatu, mayai mawili, meupe, magumu, kila moja kama punje ya njegere.

Wa ndoo tulimwachia siku ya kumi na moja, gramu 3.6 kwa mizani ileile ya dhahabu, palepale alipokamatwa, karibu na mita. Kile kidole cheusi kilikuwa kimeanguka. Alisimama muda mrefu ukutani bila kuteleza, kisha akaingia gizani nyuma ya bomba la maji ya mvua. Mtoto hakutaka kuniaga. Nikampa daftari na kalamu, nikamwambia baraza langu liko wazi kila jioni baada ya kazi za shule. Jana nililifungua bila ruhusa yake.

"Jumanne saa 1:20 usiku. Yupo juu ya mita. Kidole hakipo. Amepauka (nzuri).

Jumatano. Hayupo. Bwana LUKU yupo. Mvua kidogo.

Alhamisi saa 2 kasoro. Yupo. Amelamba jicho mara mbili. Amekula kipepeo wa usiku. Panzi amemtazama tu, ni mkubwa mno. Mkia: nusu kidole changu kidogo. Choo: cheusi, kichwa cheupe, kwenye kiti cha mjomba."